Kofia ya Mwamuzi Shekuwe

Haya, nyinyi mnaopenda kuhukumu, leo nina kesi yenu. Msinikatize mpaka nimalize.

Tanga palikuwa na Shekuwe, mwamuzi wa kriketi. Alichezesha miaka na miaka, na hakuna aliyethubutu kumwita mpendeleaji. Mwenyewe husema, “Macho nimepewa, masikio nimepewa, hata jina nimepewa.”

Macho alipewa na shangazi yake Mwanasiti, fundi cherehani aliyemlea. Kila siku alimtuma atunge uzi kwenye sindano. Akilalamika, huambiwa, “Tazama, usikisie.”

Masikio alipewa na Hirji, seremala wa vibao vya kupigia mpira. Alimgeuza uso ukutani, akaupitisha mpira kwenye kibao, mara kwenye nguo, akamuuliza umegusa nini. Akikosa, haruhusiwi kwenda nyumbani. King'ang'anizi yule, Mungu ampe umri.

Ikaja fainali yake ya kwanza. Mpira ukampita Nuhu, mpigaji aliyekuwa kipenzi cha uwanja, ukadakwa nyuma yake chini kabisa. Kama umegusa kibao chake na haukugusa ardhi, Nuhu ametoka. Shekuwe alisikia mguso ambao wengine hawakuusikia. Akaona vidole vya mdakaji chini ya mpira. Akanyanyua kidole, Nuhu nje.

Mashabiki wakavamia uwanja, wakaapa kuwa mwamuzi kahongwa na hatachezesha tena Tanga. Hapo Nuhu, aliyelitaka kombe lile kuliko mtu yeyote, akasimama mbele ya Shekuwe akasema, “Niliugusa. Mwacheni, kaamua haki.” Timu yake ikashindwa, Shekuwe akapata jina.

Sasa anastaafu. Klabu ya kriketi ya Tanga ina desturi: mwamuzi akistaafu humvisha kofia yake nyeupe mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha pale. Wote watatu wako hai, wamekaa mstari wa mbele.

“Mpe Hirji, mwanangu,” shangazi akasema. “Mimi kukuona hapa kumenitosha.”

“Ah, mpe Nuhu,” seremala akajibu. “Bila yeye wangekung'oa meno.”

“Mimi nilisema kweli tu,” Nuhu akasema. “Kweli hailipwi. Mvishe mama aliyekulea.”

Shekuwe, aliyezoea kukata shauri kufumba na kufumbua, amesimama na kofia mkononi, machozi yanamtoka kwa shukrani. Watu wanamngoja. Na usiniambie aikate vipande, kofia iliyokatwa haimfai mtu. Haya, ungekuwa wewe, ungemvisha nani?