Dirisha Nyuma ya Maporomoko

Mtu mmoja alikuwa na chumba chenye dirisha moja, na kazi yake ilikuwa kupiga picha. Aliitwa Rwezaura. Chumba hicho ndicho kilichokuwa sebule, na ndicho kilichokuwa studio. Alipoanza kazi alinunua kitambaa kikubwa kilichochorwa maporomoko ya maji, na ndege ikipita juu yake, maana watu wa mji ule walipenda kupigwa picha mbele ya mahali ambapo hawajawahi kufika. Ukuta uliotosha kukitundika ulikuwa ule wenye dirisha. Basi akafunga dirisha, akapigilia kitambaa kwa misumari, kisha akanunua taa. Mkewe, Mama Alinda, alikuwa na kawaida ya kuketi pale dirishani asubuhi akichambua mchele, paka wake kando yake. Alihamishia ungo wake uani.

Miaka ikapita. Mama Alinda akaugua, akalazwa hospitali ya mbali. Chakula kikamshinda. Akampigia simu mumewe, akaomba kitu kimoja tu: picha ya paka wake, Shombe. Hakuomba matunda wala khanga mpya. Rwezaura akacheka. Mtu aliyepiga picha maharusi na maaskofu, atashindwa na paka?

Alishindwa, jamani. Aliwasha taa zake zote, akamweka Shombe kwenye stuli mbele ya maporomoko. Flashi ilipopiga, picha ikatoka na macho mawili ya moto kama ya jini, na paka mwenyewe keshajichimbia chini ya kabati. Akamwita kwa dagaa, ng'o! Akamshika kwa nguvu, akaambulia kuparuzwa mkono. Kila akijaribu tena mambo yaliharibika zaidi, na sauti ya mkewe kwenye simu ilizidi kuwa nyembamba. Hapo akaogopa kwelikweli. Alijua mgonjwa yule anatafuta kitu cha kumvuta arudi nyumbani.

Asubuhi moja flashi ilipopiga, Shombe aliruka akakiparamia kitambaa mpaka juu. Misumari ya zamani ikang'oka. Maporomoko yakaanguka chini pamoja na ndege yake, yamechanika katikati. Rwezaura akavua kandambili amchape. Mkono ukabaki hewani. Jua lilikuwa limepenya kwenye nyufa za mbao za dirisha, likachora mistari sakafuni, na yule paka mtoro alikuwa tayari amejilaza juu ya mistari hiyo, ametulia.

Rwezaura akafungua dirisha. Akazima taa zote. Shombe akapanda dirishani bila kuitwa, akaketi, akaanza kulamba mguu wake. Mwanga ulimwangukia upande mmoja wa uso, taratibu, hata sharubu zikaonekana moja moja. Rwezaura akaketi sakafuni, akashusha kamera mpaka usawa wa paka, akangoja. Hakumwita wala hakumpigia mluzi. Shombe akageuza uso mwenyewe, akamtazama, naye akabonyeza. Halafu machozi yakamtoka, akasema asante peke yake chumbani. Mwanga ule ulikuwa ukija kila asubuhi kwa miaka yote ile, ukiishia kwenye mbao, na kesho yake ukija tena bila kumkasirikia.

Akaituma picha. Simu ikalia muda si muda. Mama Alinda hakumtaja paka kwanza. Alisema, "Baba Alinda, dirisha langu umelifungua!"

Siku ile alikunywa uji, akaomba mwingine. Na aliporudi nyumbani, akitembea polepole, alikuta ungo wake umewekwa dirishani, na yale maporomoko yamekunjwa kuwa tandiko la Shombe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Wateja walinung'unika kidogo kuikosa ndege yao, kisha wakazoea kupigwa picha palepale dirishani.

Sisi tunajua kushukuru tunapopewa. Rwezaura alimshukuru Mungu kwa kuchaniwa kitambaa chake, na shukrani hiyo haijamtoka mpaka leo. Nanyi mlioketi hapa, mnaokesha mkiomba nuru: lile pambo mnalojivunia kuliko yote nyumbani mwenu, mmelipigilia juu ya dirisha la nani?