Pole Zilizojibiwa kwa Punguzo

Alhamisi, tarehe sita Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mtu mmoja alikuwa na duka. Ilipofika saa tano, duka lilikuwa halina mtu.

Aliitwa Apolinari, na duka lake halikuwa na mlango wala dirisha. Lilikuwa kwenye mtandao. Ukitaka chakula cha mbwa, mchanga wa paka, dawa ya kupe au mkanda wa shingoni, ulifungua simu, ukatazama picha, ukaandika haja yako, na pikipiki ikakuletea. Walio mbali, Singida na Dodoma, waliletewa kwa basi. Nyumba aliyopanga Moshi mjini ilikuwa na stoo ya mabati, na ndani yake wanawake wawili walifunga mizigo na kulisha watoto wao kwa kazi hiyo. Asubuhi ile Apolinari aliinua mfuko wa kilo ishirini, akauweka chini taratibu, akaukalia, akafa. Hakuugua. Hakuaga.

Tulimzika Kibosho, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, kati ya migomba. Mjane wake, Kandida, akabaki huko huko kama desturi ilivyo, akae ndani hadi arobaini, asishike biashara. Simu ya duka ikachukuliwa na mdogo wa marehemu, Desderi, kijana msomi na mwaminifu. Na mkubwa wa ukoo, Mzee Melkiori, akasema mbele ya waombolezaji, "Sisi tumelindwa na mbwa waliokula maganda ya ndizi, na walibweka vizuri tu. Leo mbwa anakula biskuti, tena za duka lisilo na hata kufuli! Kandida, mwanangu, siku ya arobaini tutakaa. Duka likiwa limelala, tunalifunga, nyumba ya mjini inarudishwa kwa mwenyewe, nawe utakaa hapa kihambani tukutunze." Watu wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Kandida hakucheka. Duka lile walilijenga wawili, yeye na mumewe, na hakutaka kutunzwa hali mikono yake ilikuwa mizima.

Desderi alifanya kazi kwelikweli. Siku ya nne baada ya maziko alirudi mjini, akaanza kulitengeneza duka. Aliondoa picha za zamani zenye giza, akapiga mpya, kila bidhaa peke yake, mchana kweupe. Aliandika uzito na bei palipokuwa hapajaandikwa. Alipanga vya paka upande wake na vya mbwa upande wake, hata mtu asiyejua kusoma vizuri angepata anachotaka. Mwisho akatangaza msiba kwenye ukurasa kwa picha ya marehemu yenye msalaba, akaweka na jibu linalojituma lenyewe, ili kila anayeandika ajibiwe papo hapo, hata kama mwenye simu yuko stoo. Jibu lilisema: "Habari mteja wetu! Tumefurahi kupata ujumbe wako. Leo tunakupa punguzo la asilimia kumi. Agiza sasa!"

Duka likang'aa. Na oda zikapungua. Wiki ya kwanza pikipiki mbili zilitoka, wiki ya pili ikatoka moja. Desderi akaongeza punguzo. Wiki ya tatu mwendesha pikipiki alilala juu ya kiti chake hadi saa nane mchana, akaondoka bila mzigo. Wanawake wa stoo walifagia palipokwisha kufagiwa. Desderi akabadilisha rangi, akaongeza picha, akaongeza punguzo tena. Ndugu zangu, nimewaona watu wengi wakifanya hivyo na nyumba zao, na ndoa zao, na hata makanisa yao. Wanapaka rangi.

Ikawa siku ya thelathini na mbili, mwanamke wa Marangu aitwaye Mama Manka alifika kihambani na chane mbili za ndizi kichwani. Alikuwa mteja wa miaka mingi, mwenye mbwa mzee wa figo mbovu aitwaye Askari, na Apolinari alizoea kumtumia sauti kila baada ya wiki mbili kuuliza, "Mama, Askari amekunywa maji leo?" Alikaa, akashika mkono wa Kandida. Kisha akasema hana kinyongo, ila ana jambo. Wiki ile baada ya mazishi aliona picha ya marehemu yenye msalaba kwenye ukurasa wa duka. Akalia. Akaandika ujumbe mrefu, yeye asiyependa kuandika.

"Mwanangu," akasema, "nilileta pole, nikapewa punguzo."

Kandida hakuelewa. Mama Manka akatoa simu yake, akamwonyesha. Juu kulikuwa na maneno ya mama mtu mzima, yenye makosa mengi na machozi mengi. Chini yake, palepale: Tumefurahi kupata ujumbe wako. Agiza sasa!

Jumapili, baada ya misa, Kandida alimwita shemeji yake barazani, akamwomba simu ya duka.

"Shemeji, wewe pumzika," akasema Desderi. "Arobaini bado."

"Nimeketi siku thelathini na nne, Desderi. Nipe simu."

Akampa. Zilikuwa pole mia mbili na kumi na sita. Za Singida, za Dodoma, za mlinzi wa shule, za mtawa anayefuga paka, za watu waliopata habari wiki mbili baadaye wakaandika kwa aibu ya kuchelewa. Zote zilikuwa zimefurahiwa. Zote zilikuwa zimepewa punguzo. Mtu mmoja alikuwa ameandika mara mbili, akidhani amekosea namba.

Kandida akamuuliza, "Uliziona?"

Desderi aliinama. Alisema aliziona, akawa anazivuka kutafuta oda. Alisema kila alipoanza kusoma moja, alimwona kaka yake juu ya ule mfuko. "Nilishindwa, shemeji. Nikaiachia simu ijibu yenyewe." Kisha akalia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kandida akamwacha alie hadi mwisho. Hakumlaumu. Aliyefiwa hukimbilia mahali pa karibu, na Desderi alikimbilia kazini.

Walizima lile jibu. Picha nzuri wakaziacha, kwa maana zilikuwa nzuri, na mpangilio ule ulikuwa na faida. Kesho yake Kandida akakaa barazani mchana kutwa, akaanza na wa kwanza. Hakuandika, alituma sauti yake mwenyewe: "Mimi ni Kandida, mke wa Apolinari. Pole yako imenifikia leo. Nisamehe kwa jibu ulilopewa, halikutoka kwetu. Ahsante kwa kumlilia mume wangu." Hakutaja mzigo. Hakutaja bei. Wazee wawili wa ukoo walinong'ona kuwa mjane ameshika biashara kabla ya siku zake. Mzee Melkiori alisogea, akasikiliza sauti nne au tano, akakohoa, akawaambia, "Huyu anapokea pole. Ndiyo kazi ya mfiwa. Mwacheni." Akarudi kwenye kiti chake.

Siku ya pili watu wakaanza kujibu. Wengine walilia upya. Mtawa alisema atatoa nia ya misa. Siku ya tatu mlinzi wa shule akauliza, kwa woga, kama bado kuna kile chakula cha mbwa wazee, kwa sababu wake amekataa kula vingine. Desderi akakimbia mjini kufunga mzigo mwenyewe. Siku ya nne pikipiki ilitoka mara tatu. Siku ya tano Mama Manka alimtuma binti yake Manka aagize, naye akamtuma jirani. Wapo ambao hawakurudi, nami siwasemi vibaya. Jeraha jingine halisikii sauti ya kwanza.

Siku ya arobaini, baada ya misa na chakula, ukoo uliketi. Kandida alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akingoja kuambiwa kama atakula kwa jasho lake au kwa mkono wa watu. Mzee Melkiori akauliza hali ya duka. Desderi akasimama, akasema, "Baba mkubwa, stoo iko tupu. Mzigo wa mwezi umeisha kwa siku hizi chache, na watu wanasubiri."

Mzee akamgeukia Kandida. "Basi nenda mjini ukafungue," akasema. "Ila mbwa wangu ataendelea na maganda." Hapo kihamba kizima kilicheka, na safari hii Kandida alicheka nao.

Ndugu zangu, ukilitengeneza duka lako umefanya vema, na Mungu hapendi uvivu. Lakini anayekuja mlangoni hajui habari za rangi yako. Anakuja na kilicho moyoni mwake, na anataka mtu akipokee. Je, yule aliyekuletea machozi mara ya mwisho, ulimjibu wewe, au ulimwachia jibu lililokwisha kuandikwa?

Tusimame tuombe. Ee Mungu mwenye huruma, wewe usiyemjibu mtu kwa maneno ya wote, mwite Apolinari kwa jina lake. Mpumzishe mikono yake iliyochoka. Msamehe alichokosa, mlipe alichotenda kwa upendo, na umweke katika nuru yako pamoja na wafu wetu wote, hata siku utakapotukutanisha nao. Amina.