Kiboko Hasikilizi Maneno

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na nini?
— Na mnara!
— Juu ya mnara?
— Kasuku!
— Chini ya mnara?
— Mwenye njaa!
— Basi zimeni simu zenu, nami nizime yangu, tusije tukahesabiwa.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, wanyama nao walikuwa na simu. Msiniulize walichaji wapi. Mkubwa wa nchi alikuwa Kiboko, mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo. Kiboko akamweka Kasuku juu ya mnara, akamwambia, "Angalia namba ipi imeipigia ipi, ziko wapi, na wameongea muda gani. Kisha uniambie."

Ikawa hivi. Mama Kanga akiwa na sherehe huwapigia ndugu zake, kriii! kriii! Kasuku akaona, Kasuku akasema. Kiboko akasikia, Kiboko akaenda. Ndu! ndu! ndu! mpaka mlangoni. "Hodi! Nimekuja kulinda usalama." Akailinda sufuria mpaka ukabaki ukoko, kisha akaulinda na ukoko. Digidigi akafanya arobaini ya mtoto mchanga. Kasuku akaona, Kasuku akasema. Kiboko akasikia, Kiboko akaenda. Wageni wakarudi kwao na njaa.

Sasa Pimbi, yule mdogo wa majabalini asiye na mkia, alikuwa anamwoza binti yake, Sikujua. Wakwe walikuwa wanatoka mbali. Pimbi hakupata usingizi. Wakwe wakilala njaa, Sikujua atasimangwa maisha yake yote!

Wanyama wakaitisha baraza. Kelele!

"Simu yangu ni kama gamba langu," akasema Kobe. "Mtu hatii mkono humo."

"Mimi sina la kuficha," akasema Nyumbu. "Asiye na kosa anaogopa nini?"

"Huna la kuficha?" akadakia Mama Kanga. "Haya, jana uliongea na nani mpaka jogoo akawika?"

Nyumbu akaanza kula majani. Baraza zima likacheka, kwa! kwa! kwa!

Kiboko akainua mkono. "Jamani, mnanionea. Mimi sisikilizi maneno. Hata majina siyataki! Kasuku ananitajia namba tu na muda tu. Maneno ni yenu."

Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Mkubwa, husikii hata neno moja?"

"Hata moja!"

"Hata salamu?"

"Hata salamu!"

"Na mtu akibipu?"

"Bipu si simu. Haikupokewa, haihesabiwi."

"Ahsante, Mkubwa," akasema Pimbi. "Sasa moyo umetulia." Na kweli ulikuwa umetulia.

Pimbi akapita nyumba kwa nyumba, kwa miguu yake mifupi. Kila mlango akasema yaleyale: "Siku ya harusi nitakubipu. Usipokee, njoo. Lakini kwanza mpigie bibi huyu, umsalimie. Mpweke, kahamia kwenye matete kule chini mtoni tangu kiangazi. Anapenda salamu."

Mama Kanga akapiga. Kriii!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Za watoto?"

"Njema."

"Za mayai?"

"Njema."

"Na ule mguu?"

Simu ikapata moto sikioni. Akapiga Digidigi: za nyumbani, za watoto, za mguu. Akapiga Kobe, ambaye kuitikia tu kulimchukua asubuhi nzima.

Kasuku akaona, Kasuku akasema. "Mkubwa! Namba moja inapigiwa na nchi nzima! Iko kwenye matete, chini mtoni!"

Mate yakamtoka Kiboko. "Harusi ya Pimbi hiyo! Wameificha mateteni!"

Siku ya harusi Kiboko hakunywa hata chai, ili abakize nafasi. Ndu! ndu! ndu! Akayapasua matete, pwaa! mdomo wazi. "Hodi! Nimekuja ku—"

"Nani huyo?"

Lahaula! Mama mkwe wake, anajisugua mgongo kwa tope.

Kiboko akafunga mdomo, pwap! Macho chini. Nanyi mnajua: mkwe hakimbiwi, na mbele yake mtu hatafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe njia unaijua! Nimehamia huku tangu kiangazi, watoto wa watu wananipigia kunisalimia, wewe kimya. Hata namba yangu huna! Kaa hapo. Habari za nyumbani?"

"Njema, mama."

"Za watoto?"

"Njema, mama."

Tumbo likanguruma, nguruu!

"Nini hiyo?"

"Radi, mama."

"Basi nikatie matete niezeke, kabla mvua haijanyesha."

Kule majabalini, kriii! ikakatika. Kriii! ikakatika. Wageni wakaja. Pilau ikapakuliwa, vigelegele vikapigwa, wakwe wakala wakajilamba vidole. Sikujua akacheka mpaka machozi, na Pimbi akalia kabisa, kwa furaha. Kasuku akanusa pilau kutoka mnarani, akajisemea, "Hakuna simu, nitahesabu nini?" Akashuka, akala, na siku hiyo hakurudia neno la mtu.

Kesho yake Kiboko akaja, mikono imechanika kwa matete. "Pimbi! Mlikuwa mnaongea nini na mama mkwe wangu?"

"Ah, Mkubwa," akasema Pimbi, "maneno si ni yetu?"

Tangu hapo Kiboko hushinda amezama majini, masikio tu juu. Wengine husema anasikiliza. Wapi! Anamkimbia mama mkwe.

Hadithi yangu imekata, chaji imeisha. Ikiwa tamu, nipigieni; ikiwa chungu, nibipuni tu. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa akiwaambia hasikilizi maneno yenu, mwaminini. Pimbi alimwamini, akashiba.