Kaza Mkono

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo mnisikilize. Nataka kuwasimulia habari ya mpiga gitaa mmoja. Ni mfano tu, msianze kuulizana ni wa ushirika gani.

Mtu huyu tumwite Ambakisye. Alikuwa akipiga gitaa la solo kwenye kwaya kwa miaka zaidi ya ishirini, na alipopiga, watu waliacha kuimba wakamtazama. Nyuzi zilikuwa zinalia kama mvua juu ya bati, lakini ukimwangalia mkono wenyewe, hausogei. Bega limelala. Uso umetulia, utadhani anasubiri chai. Watu wakasema amezaliwa nacho, ni kipaji. Na Ambakisye akawaacha waseme hivyo.

Lakini hakuzaliwa nacho. Miaka saba ya mwanzo aliteseka. Alikuwa akikibana kile kiplastiki cha kupigia nyuzi mpaka kucha inageuka nyeupe, na kila alipotaka kuongeza kasi, mkono mzima ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Usiku alikuwa anaukanda kwa maji ya moto. Siku moja alipeleka amplifaya ya kwaya kwa fundi redio pale mjini, akamkuta mzee aliyewahi kupiga gitaa kwenye bendi za dansi. Mzee akamsikiliza anavyojaribu gitaa, kisha akamwekea kiganja juu ya mkono.

"Kijana, unapigana na nani?"

"Natafuta kasi, mzee."

"Kasi haitafutwi kwa nguvu. Shika hicho kitu kama njiti ya kiberiti. Legeza bega. Chezesha kifundo cha mkono peke yake, tena kidogo tu. Piga polepole hadi mkono usahau kwamba unafanya kazi. Ukiona umekaza, simama, pumua, anza upya. Kasi itakuja yenyewe."

Basi. Hayo tu. Aliambiwa kwa dakika kumi na mtu asiyemjua, bure, wakati fundi akichomelea waya. Ndani ya mwaka mmoja Ambakisye akawa yule mnayemsikia.

Sasa akaja binti kwenye kwaya, Subilaga. Fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea karibu na soko, anamtunza mama yake mgonjwa kwa kazi hiyo. Akaomba afundishwe gitaa. Ambakisye akamfundisha, na alimfundisha vizuri, tusimwonee. Alimwonyesha sauti, akamwonyesha mapigo, akamwazima gitaa lake la zamani. Na binti alikuwa na sikio! Baada ya miezi minane alipiga wimbo mmoja wa polepole wakati wa sadaka, na bibi mmoja wa safu ya mbele akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, "Huyu atampita mwalimu wake."

Kanisa likacheka. Ambakisye naye akacheka. Ila aliporudi nyumbani hakula, akamwambia mkewe tumbo limejaa.

Jumanne, kwenye mazoezi, Subilaga alibaki nyuma wenzake walipotoka. "Mwalimu," akasema, "vitu vya polepole naviweza. Nikitaka kuongeza kasi mkono unakataa. Wewe unafanyaje?"

Ndugu zangu, ni swali la dakika kumi. Jibu analo. Alipewa bure. Mnadhani alilijibuje?

"Kaza," Ambakisye akasema. "Tatizo lako unalegea. Bana hicho kitu kwa nguvu, funga mkono kuanzia vidoleni mpaka begani. Kasi ni nguvu."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilitoka tu, na yeye mwenyewe akashtuka kulisikia. Angeweza kulirudisha palepale. Angeweza kulirudisha Alhamisi. Lakini Subilaga alishasema, "Ahsante mwalimu, Mungu akubariki," akaondoka akiwa na furaha.

Akafanya kama alivyoambiwa. Kila siku, kabla ya kufungua cherehani na baada ya kuifunga. Na mwanzoni kasi iliongezeka kidogo, ndipo akazidi kuamini. Halafu ikagota. Akakaza zaidi. Kwenye mazoezi Ambakisye alikuwa anamwona, bega limepanda mpaka sikioni, meno yamebanwa, mishipa ya shingo imesimama. Aliijua hali ile. Ilikuwa ni yeye mwenyewe, miaka ileile saba. Akainamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

"Shikamoo mwalimu. Mkono unaniuma sana siku hizi."

"Marahaba. Utazoea. Hata mimi niliukanda kwa maji ya moto."

Mnaona? Hapo hakusema uongo hata kidogo. Kweli aliukanda. Tunaujua ukweli wa namna hiyo, sivyo? Ule unaosimama mlangoni kuulinda uongo usitoke.

Mwaka wa pili ukaja na ganzi. Mkasi ukaanza kumponyoka. Akaharibu kitambaa cha bibi harusi, akaharibu sare za kwaya ya akina mama. Hospitalini wakamwambia kano za mkono zimevimba na zimekaa hivyo muda mrefu mno, aache gitaa mara moja. Akaacha. Uvimbe ukaisha, lakini kidole gumba hakikurudi na nguvu zake. Cherehani akaikodisha kwa mtu mwingine, yeye akawa anauza vifungo na nyuzi za kushonea palepale mlangoni.

Alipolirudisha gitaa la kuazimwa, alilifuta vumbi kwanza. "Nisamehe mwalimu," akasema. "Umepoteza muda wako kwangu."

Ambakisye akamwambia, "Usijali." Na akasikia kitu kikitulia ndani ya kifua chake. Angependa kusema kilikuwa huruma. Haikuwa huruma.

Ikapita miaka mitatu. Nafasi yake ya kila Jumapili hakuna aliyetishia kuichukua. Ndipo kwaya za shirika tano za kanisa zikakutana kwa tamasha, na wapiga gitaa vijana wakawekwa mbele kujaribu vyombo. Walikuwa wanne. Ambakisye akasogea kuwasikiliza, kama mkubwa wa kazi. Akasimama ghafla.

Wote wanne, mabega juu. Wote meno yamebanwa. Mmoja, dada wa kwaya ya vijana, alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono.

"Nani amewafundisha?" akauliza.

"Dada Subilaga," wakajibu pamoja.

Na papo hapo Subilaga mwenyewe akaja kutoka nyuma ya spika, anatabasamu, amefurahi kweli kumwona. "Shikamoo mwalimu! Hawa ni watoto wako. Kupiga siwezi tena, lakini nikasema yale uliyonipa yasiishie kwangu. Mimi nilikosa mkono wa kustahimili, wao wanao. Nimewapa yote. Sikuficha hata neno moja."

Sikuficha hata neno moja. Mtu aliyefichwa ukweli ndiye anayesema hivyo.

Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, Ambakisye alitaka kulirudisha lile neno. Akamgeukia yule dada mwenye kitambaa. "Legeza mkono, mwanangu," akasema. "Legeza bega. Usikibane hicho kitu."

Yule dada akamtazama kwa heshima, lakini mkono hakuulegeza. "Dada Subilaga ametuambia tutakutana na watu watakaotuambia tulegeze," akasema. "Ametuambia tusiwasikilize. Ametuambia kukaza huku kumetoka kwako."

Subilaga akacheka kidogo, amechanganyikiwa. "Mwalimu, si wewe uliyeniambia nikaze?"

Wengine wakageuka. Wachungaji, wanakwaya, yule bibi wa safu ya mbele. Wanasubiri.

Ilikuwa imebaki sentensi moja: nilikudanganya. Lakini sentensi ile ilikuwa na mkono wa Subilaga ndani yake, na cherehani, na mama mgonjwa, na miaka mitatu mlangoni na vifungo. Ambakisye akaiona yote, akaona na watu wanaomtazama.

"Kila mtu ana mkono wake," akasema.

"Haya, mmesikia," Subilaga akawaambia vijana wake. "Endeleeni."

Wakaendelea. Wakakaza. Na Ambakisye akapanda jukwaani, akapiga solo tamu kuliko siku zote, bega limelala, na watu wakasema ni kipaji.

Nimeuleta mfano huu kwenu kwa sababu najua mnamchukia Ambakisye sasa hivi. Nimewaona mkitikisa vichwa. Mchukieni. Halafu niambieni, ni nani kati yetu hajawahi kuulizwa swali la dakika kumi? Mkwe alikuuliza, "Mama, mumeo ulikaa naye vipi kwa amani?" Ukamjibu nini? Mwenzako mpya kazini alikuuliza njia, ukamwonyesha ile inayoishia ukutani, kwa upole, huku unamwita ndugu. Mdogo wako alikuja na moyo mweupe. Tuliwaambia wakaze, wapendwa. Nao wakatuamini, wakaumia, wakajilaumu wenyewe, wakatuomba msamaha. Sisi tukasema, usijali.

Wengine wetu tunajaribu kurekebisha kimyakimya. Tunatoa ushauri mzuri leo, tunadhani utaufuta ule mbaya wa jana. Hauufuti. Yule dada mwenye kitambaa aliambiwa ukweli mtupu, "legeza mkono," na hakuweza kuupokea, kwa sababu mwenye ukweli hakutaka kuutoa pamoja na aibu yake. Uongo wetu sasa unalindwa na watu wanaotupenda. Unafundishwa kwa unyofu. Hauhitaji tena sisi tuwe wabaya. Unaendelea wenyewe, kwa midomo ya watu wema.

Sina habari njema ya kumalizia habari ya Ambakisye. Hajasema mpaka leo. Subilaga anafundisha kila Jumamosi, na darasa limeongezeka.

Kwaya, msisimame kwanza. Wimbo wa kufunga utasubiri. Kama mtu uliyemwambia akaze yumo humu ndani, unajua amekaa benchi gani. Inuka umfuate. Usimwambie "tusameheane." Mwambie ulichofanya.

Mimi nakaa chini.