Konokono Alivyomwangusha Kiboko Bila Kumgusa

Hapo zamani za kale, watoto wangu, Kiboko alipokuwa bado ana kiuno, kulikuwa na kijito chenye maji baridi na mawe mengi. Kiboko aliishi hapo na mkewe. Jirani yao alikuwa Konokono, mama wa watoto wengi. Kutwa yeye na wanawe walitambaa juu ya mawe wakila mwani, ule utelezi wa kijani. Krra-krra-krra! Kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Asubuhi moja Kiboko akafoka, "We kamasi lenye nyumba! Mnakwangua kijani chote, mto wangu umebaki kipara! Hameni!"

"Bwana Kiboko, mayai yangu yamegandia kwenye mawe haya. Nitahamaje?"

"Shauri yako! Hamia chooni kwa Nyani!"

Konokono akaumia, lakini akajikaza. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Nikikuangusha bila kukugusa, kijito ni chetu sote. Nikishindwa, nahama na ukoo wangu mzima."

Kiboko akacheka hadi akajamba, maji yakatokota bwabwabwa!

"Wewe? Uniangushe mimi? Nimekubali! Nyani, wewe uliye hapo mtini, uwe shahidi!"

Konokono akawanong'oneza wanawe, "Twendeni ukingoni tukale majani makavu. Mtu asiguse mwani mpaka niseme."

"Mama, majani machungu!"

"Tafuna, unyamaze."

Jua likawaka siku baada ya siku, mwani ukaota. Ukatanda kama zulia, kisha ukawa mnene, unavutika kama mlenda.

"Ona bustani yangu, mke wangu!" Kiboko akajisifu.

"Mbona panateleza, mume wangu?"

"Uoga wako tu."

Siku hiyo wakwe wakaja kuwatembelea. Kiboko akapanda jiwe kubwa awapokee.

"Karibuni wa—"

Twaaa! Miguu huku, matako kule. Puuu! Wakwe wakalowa mpaka masikioni. Akajaribu kuinuka. Teleee! Puuu tena! Mama mkwe akafumba macho, lakini si sana.

Konokono akachungulia. "Pole, Bwana Kiboko. Nimekugusa?"

"Hajakugusa!" Nyani akapiga kelele, kajishika mbavu.

"Sasa umenifanya nini?" Kiboko akalia.

"Sikufanya kitu. Tumeacha kula, basi."

Kiboko akatazama mawe, akamtazama mama mkwe.

"Jirani... mna njaa?"

"Mno."

"Basi karibuni chakula. Anzeni na hili jiwe, tafadhali, niinuke."

Ndiyo maana nawaambia: kabla hujamfukuza mdogo, muulize kwanza kazi yake.