Nyumba ya Bi Hadulu

"Anza na njia, nyumba itafuata." Mmewasikia mafundi wakiambiana hivyo, mkauliza tangu lini njia ikazaa nyumba. Methali hii ilianza hivi.

Mto Tana ulipofurika, nyumba ya Bi Hadulu ilikwenda na maji. Alikuwa muuza samaki wa kukaanga. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni, naye alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono. Maji yalipopungua, kamati ya maafa ikaamua yeye awe wa kwanza kujengewa. Wakamjengea juu ya nguzo ndefu, mafuriko yasimfikie tena. Mwenyekiti, Mzee Komora, aliipaka nyumba rangi ya samawati kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kukabidhiwa, Bi Hadulu aliitazama ngazi, akafungua mdomo. Hajatamka neno, vijana wamekwisha kumbeba juujuu, vigelegele vinarindima. Hotuba zikaisha, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika. Baiskeli chini, mwenyewe juu.

Kwanza alicheka. Kisha akawakumbuka samaki wake na wateja wake, hasira zikampanda. Akajikokota hadi kibarazani, akapaza ile sauti ya sokoni:

"Mwenyekiti weee!"

Mzee Komora akaja mbio. "Kuna nini tena?"

"Nataka kwenda sokoni. Nishushe."

Akambeba mgongoni, akamshusha. Jioni akampandisha. Asubuhi, chai haijapoa: "Mwenyekiti weee! Chooni!" Mara chumvi imekwisha, mara kuna msiba kwa jirani. Watoto wakamwita mzee wa watu punda wa Bi Hadulu.

Siku moja magoti yakamgomea katikati ya ngazi.

"Bi Hadulu," alisema akihema, "mbona hukusema mapema kuwa ngazi haikufai?"

"Nilifungua mdomo, Mwenyekiti. Mkaujaza vigelegele."

Mzee akageuza shingo, mama wa watu bado mgongoni. "Haya, ulitaka tufanye nini?"

"Ndiyo kwanza unaniuliza!"

Kesho yake Bi Hadulu alikaa kwenye baiskeli yake akiwasimamia mafundi wakimtengenezea njia ya mteremko, wakijaza udongo na kupigilia mbao. "Mwinuko mkali huo, laza kidogo!" Njia ilipokamilika, akapanda mwenyewe hadi mlangoni, akageuza, akashuka, akapanda tena, bila shughuli yoyote.

Mafundi wakauliza nyumba ya pili waanzie wapi. Mzee Komora akashika kiuno.

"Kamuulizeni mwenye nyumba hiyo ataingiaje na atatokaje. Anzeni na njia, nyumba itafuata."