Mpaka Mwezi Uishe

Hapo zamani za kale, pimbi walipokuwa bado wanapiga hodi kwa ndovu, kiangazi kilikausha mito yote. Maji yakabaki kwenye kisima kimoja tu, uani kwa Mzee Ndovu. Na Mzee Ndovu, wanangu, alikuwa na mkono wa birika.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Akajifunga kibwebwe, akashuka kutoka mwambani kwake.

"Hodi hapa. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni maji, rudi."

"Ni hayo hayo maji. Watoto wangu hawafiki keshokutwa."

Jirani, Mzee Kobe, alikuwa amekaa barazani, na Ndovu akaona haya kukataa mbele yake. "Haya, chota. Lakini mwezi ukiisha, sitaki kukuona hapa."

Neno hilo Bi Pimbi akalidaka. Yeye hushinda juu ya mwamba akiota jua, na jioni huutazama mwezi. Anaujua kuliko anavyomjua mumewe.

"Nichote mpaka mwezi uishe?"

"Mpaka uishe."

"Mzee Kobe, umesikia?"

"Nimesikia," Kobe akasema.

Basi akachota kila siku, chubwi, chubwi. Mwezi ukanenepa, ukakonda, ukawa ukucha, kisha siku moja haukuonekana kabisa. Asubuhi Ndovu akasimama mbele ya kisima.

"Mwezi umeisha. Weka mtungi chini."

Mvua ilikuwa bado. Lakini Bi Pimbi hakurudi nyuma hata hatua moja. Akachukua kibuyu cheupe cha mviringo, akakisimika juu ya kigingi cha ua, jua likakimulika.

"Simama hapa, mzee, jua liwe mgongoni kwako. Unaona nini?"

"Kibuyu kinang'aa chote."

"Sasa kizunguke taratibu."

Ndovu akazunguka, gudu, gudu. "Naona nusu. Sasa naona ukingo tu. Ah, jua limekuwa nyuma yake, upande wangu ni giza."

"Kwa hiyo kibuyu kimeisha?"

"Kiishe vipi, na si hicho hapo?"

"Basi ndivyo ulivyo mwezi. Ni tufe lisilo na mwanga wake, jua ndilo hulimulika. Nao hutuzunguka sisi. Ukifika upande wa jua, ule uso unaong'aa hutupa kisogo. Keshokutwa jua likizama, utauona magharibi."

Ndovu akacheka. "Mwezi usipoonekana, wewe unahama."

"Nahama na wanangu."

Ilipofika hiyo keshokutwa jioni, Ndovu, Bi Pimbi na Kobe wakasimama uani, macho magharibi. Jua likazama. Bi Pimbi aliogopa, nisiwadanganye, kwa sababu wingu moja tu lingemponza.

Kobe akanyoosha shingo. "Ule pale. Umeandama."

"Huo ni mwezi mpya," Ndovu akadakia. "Ule wa zamani umeisha."

"Mzee," Bi Pimbi akauliza polepole, "ulipozunguka, uliona vibuyu vingapi?"

"Kimoja," Ndovu akasema.

"Na neno lako nililisikia," Kobe akaongeza. "Mpaka uishe."

Ndovu akasogea pembeni. Bi Pimbi akashusha mtungi kisimani, chubwi. Na mkitoka nje jioni, wanangu, tazameni wenyewe: mwezi haujaisha, na pimbi bado wanachota.

Kabla hujasema kitu kimeisha, kizunguke kwanza.